Unataka kuchunguza mahusiano ya watu? Anza kwa kuwatenganisha

Fomu ya 17 na fomu ya 18 ziliingia kwenye simu yangu zimepishana dakika mbili. Moja ya mume, moja ya mke, wanandoa wa Temeke, na nilikua nimewaomba kabisa kila mtu ajaze ya kwake peke yake. Majibu yote yanafanana. Nikasema sawa, labda wanapendana sana hawa. Sasa kule mwisho kulikua na swali la kuandika kwa maneno yako, wote wawili wameandika "tunaelewena vzr sana", na hiyo "tunaelewena" yenye e isiyo na kazi ipo kwenye fomu zote mbili. Yaani mtu mmoja kakaa na simu kajaza yake, akajaza na ya mwenzake, mwenzake huenda yuko jikoni anakaanga samaki hana habari. Nikaanza kukagua fomu zingine kwa jicho hilo na kumbe haikua jozi moja.

Kwahiyo huu mwongozo nauandika kwa ajili ya wale mnaosoma saikolojia, sosholojia, ustawi wa jamii, na nyie mnaotumwa na mashirika mkaambiwa "nendeni mkaangalie mahusiano kwenye familia" halafu hamwambiwi muangalie nini. Natumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane: wanandoa na ugomvi wa simu. Nani anashika simu ya nani, nani anaficha, na hilo linafanya nini kwenye ndoa.

HATUA YA 1: Kata swali mpaka libaki dogo

"Mahusiano" sio swali, ni bahari. Ukimpelekea msimamizi wako kichwa cha "athari za simu kwenye mahusiano" atakurudisha na hatokwambia kwa nini. Jiulize unataka kujua kitu cha aina gani. Kama ni watu wanavyojisikia, utawauliza. Kama ni wanachofanya, utaangalia, maana watu hawajui wanachofanya, ukimuuliza mtu anamkatiza mwenzake mara ngapi kwenye maongezi atakwambia hata sio tabia yake huku amekukatiza wewe mara tatu. Ukitaka kujua siku yao inaendaje, unahitaji shajara. Ukitaka kusema hiki kinasababisha kile, hapo ni jaribio, na ukitaka kujua ndoa inaishia wapi, ni kuwafuatilia kwa muda mrefu, hakuna njia ya mkato.

Swali letu likikatwa linakua hivi: je, mtu akiwa na wasiwasi na simu ya mwenzake, yule mwenzake nae anaridhika kidogo na ndoa? Ona hapo, wasiwasi ni wa mmoja, kuridhika ni kwa mwingine. Hilo swali huwezi kulijibu ukimuuliza mtu mmoja tu, hata ukiuliza watu 1,000. Lazima upate wote wawili, na kila mmoja apatikane peke yake.

HATUA YA 2: Lugha kwanza kabla ya fomu

Hapa ndo watu wanapaparika. Wanachukua dodoso la Kizungu, wanalipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, wanapiga kopi, wanaingia mtaani. Mi nilishawahi kumuuliza mzee mmoja "uko karibu na mwenzako kiasi gani?" akafikiria kwa utulivu akanijibu, "Yeye yuko Morogoro, ukipanda basi ni kama masaa manne." Hajakosea yeye, nimekosea mimi.

Neno "kuridhika" nalo lina mitego, kuna wanaosema "nimeridhika" wakimaanisha wana furaha, na kuna wanaosema "nimeridhika" wakimaanisha nimekubali yaliyonikuta, nitafanyaje. Na "mwenza" wengine wanalisikia kama neno la kliniki au la semina, hawalitumii nyumbani. Ukisema "mpenzi" kwa mama aliyeolewa miaka 20 anaweza akadhani unamuuliza habari za nje ya ndoa, na hapo umeshaharibu. Sema mume, sema mke, mchumba ni mchumba.

Utaratibu unaojulikana ni wa kutafsiri kwenda na kurudi, aliyeuelezea vizuri ni Richard Brislin kwenye 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona dodoso la mwanzo anarudisha, mnalinganisha. Ni mzuri ila hautoshi. Ongeza hiki: kaa na watu watano au sita wa mtaa uleule, wasomee swali, kisha waulize "umeelewa nini hapo?" Usiwaulize kama wameelewa, maana wote watasema ndio.

Na kuna kipimo kimoja nakipenda sana kwa sababu hakihitaji maneno mengi, kilitengenezwa na Arthur Aron na wenzake, 1992. Ni picha 7 za duara mbili, moja ni wewe moja ni mwenzako. Kwenye picha ya kwanza duara zimegusana tu, zinaendelea kuingiliana mpaka ya saba zimekaribia kuwa kitu kimoja. Mtu anachagua picha inayofanana na hali yao, basi. Yule mzee wa Morogoro nilipomchorea akagusa ya sita bila hata kufikiri, kumbe umbali wa basi haukua shida yake kabisa.

HATUA YA 3: Vibali, halafu ruhusa ya kila mtu

Vibali ntapita haraka maana kila chuo kina taratibu zake. Kwa Tanzania unaanza na barua ya chuo, inashuka mkoa, wilaya, kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na usimdharau mjumbe, ndo anayejua nani ameachana na nani. Kenya utakutana na NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti. Taarifa za watu zina sheria siku hizi, Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, kwahiyo orodha ya majina na namba za simu haikai kwenye grupu la WhatsApp la wakusanya data. Nimeona likifanyika hilo. Sitasema wapi.

Cha kukazia ni ruhusa. Mume hawezi kukubali kwa niaba ya mke, na mke hawezi kwa niaba ya mume. Kila mtu anaelezwa kivyake na anapewa nafasi ya kukataa bila mwenzake kujua kwamba yeye ndo kakataa. Mmoja akikataa, we sema tu jozi haikuingia kwenye utafiti, nenda zako.

Na hili ni zito: swali la simu linaweza kuleta kipigo. WHO walipofanya utafiti wao wa nchi nyingi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, na Tanzania ilikuwemo kwa Dar es Salaam na Mbeya, mwongozo wao wa usalama ulikua kwamba kwenye nyumba moja unamhoji mwanamke mmoja tu kuhusu ukatili, na wanaume wa nyumba hiyo hawaulizwi mambo hayo. Sababu iko wazi, mume akiulizwa "umewahi kumpiga mkeo?" atajua mke nae kaulizwa. Kwahiyo kama utafiti wako unataka wote wawili, maswali ya kupigana yatoe. Kama unataka kuuliza ya kupigana, usitafute wote wawili. Huwezi kuvila vyote.

HATUA YA 4: Dodoso, na ubaya wake

Dodoso ni rahisi na linakwenda mbali. Cindy Hazan na Phillip Shaver mwaka 1987 walitaka kujua kama namna mtoto anavyoshikamana na mzazi inaonekana pia kwenye mapenzi ya ukubwani, wakachapisha maswali yao kwenye gazeti la Rocky Mountain News kule Denver, wakafanyia kazi majibu 620 ya wasomaji. Watu wamejibu kwa hiari yao, hakuna aliyegongewa mlango. Lakini fikiria ni nani anaekata karatasi ya gazeti kuhusu mapenzi akaijaza akaituma. Sio kila mtu. Na sisi tukirusha linki kwenye magrupu tunapata watu wa aina hiyohiyo, wenye bando na wenye la kusema.

Ubaya wa pili ni majibu mazuri. Mtu hataki kuonekana ndoa yake mbovu mbele ya kijana mwenye kishikwambi, tena kijana mwenyewe labda hajaoa. Dawa zipo kadhaa ila hakuna inayoponya kabisa: maswali ya siri ajaze mwenyewe, usimsomee kwa sauti; anayemhoji asitoke mtaa huohuo; na usiulize "je, unamwamini mwenzako?" Uliza "mara ya mwisho kushika simu yake bila yeye kujua ilikua lini?" Swali la kwanza litakupa hotuba. La pili litakupa siku.

Na wakae sehemu mbili, kwa muda mmoja. Wakusanya data wawili, mmoja sebuleni mmoja nje chini ya mwembe, wanaanza saa ileile. Tangu tuanze kufanya hivo sijaona tena "tunaelewena" pacha.

HATUA YA 5: Shajara ya kila siku

Kumbukumbu ya mtu inapikwa. Ukimuuliza mwezi huu mmegombana mara ngapi anakupa hisia ya leo, kama asubuhi wamenuniana basi mwezi mzima ulikua mbaya. Ndo maana wanasaikolojia walihamia kwenye kuuliza mara kwa mara. Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake miaka ya 1970 waliwapa watu vile vidude vya kulia mkandani, kikilia unaandika upo wapi, na nani, unajisikiaje. Ladd Wheeler na John Nezlek mwaka 1977 walitumia fomu fupi ya kujaza kila baada ya maongezi yaliyofika dakika 10 au zaidi: ulikua na nani, mda gani, mlifunguka kiasi gani.

Kwetu simu ipo tayari. Nilichofanya ni hivi, siku 7, saa tatu usiku, kila mtu anapata meseji kwenye namba yake yenye maswali manne tu. Leo kulikua na kupishana kokote? Kuhusu nini? Nani alianza kuongea tena? Namba 1 mpaka 7 leo mlikuaje? Anayependa anajibu kwa sauti. Mambo niliyojifunza: usizidishe maswali, mtu amechoka katoka kazini foleni ya Mbagala anataka kulala, lipia bando mwanzo wa wiki usisubiri waombe, angalia mda jibu lilipoingia, maana wapo wanaojaza siku saba zote Jumapili jioni, na hizo tupa, ni hadithi tu hizo, kama simu ni moja nyumba nzima, shajara haifai, rudi kwenye mahojiano.

Hilo swali la nani alianza kuongea tena niliongeza kwa kubahatisha, na ndo lililonipa kazi nzuri kuliko yote. Watu walikua wanakumbuka ugomvi kwa namna moja lakini usuluhishi kila mmoja anajipa yeye. Usiku uleule, nyumba ileile, mume kaandika "mimi", mke kaandika "mimi".

HATUA YA 6: Kuangalia kwa macho

Hapa inabidi tumtaje mwanasaikolojia Mary Ainsworth kwa sababu kazi yake hii ilianzia kwetu huku. Alifika Kampala 1954 akimfuata mume wake aliyepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akaanza kutembelea familia za Waganda, 26, zenye watoto 28, anakaa nao nyumbani kama masaa mawili, anarudi baada ya wiki mbili, miezi inakwenda. Anaangalia mtoto anamfuata nani kwa macho, analia nani akitoka, akiogopa anakimbilia wapi. Kitabu chake cha Uganda kikatoka 1967. Baadae akafanya hivohivo Baltimore, Marekani, kisha akatengeneza lile jaribio maarufu la chumba kigeni, vipande 8, kama dakika 20 jumla, mama anatoka mara mbili na kurudi. Watu wanakumbuka chumba wanasahau Kampala. Na chumba kilikuja kwa sababu: watoto wa Baltimore walishazoea mama kutoka na kuingia pale nyumbani, hawakustuka, ikabidi wapelekwe mahali pageni.

Kwa watu wazima, John Gottman na Robert Levenson waliwakalisha wanandoa kwenye viti, kamera zinapiga, vipimo vya mapigo ya moyo na jasho vimefungwa, wanaambiwa jadilini jambo mnalobishania, dakika 15. Halafu kila sekunde inapewa alama, huyu kadharau, huyu kajitetea, huyu kajifunga hajibu. Gottman akajulikana dunia nzima kwa madai ya kutabiri nani ataachana. Punguza kidogo mshangao hapo, wakosoaji walionyesha kwamba ukitengeneza kanuni kutoka kwa wanandoa ambao tayari unajua waliachana, halafu ukaipima kwa haohao, lazima ionekane inajua. Kutabiri ni kwenda nayo kwa wanandoa wapya.

Sasa ukitaka kuangalia kwenye nyumba zetu, usibebe orodha ya alama za Gottman kama ilivyo. Orodha yangu ya kwanza ilikua na kupaza sauti, kukatiza, kutukana. Nikapata nyumba zimetulia ajabu. Kisha siku moja nipo sebuleni, mama katoka jikoni, mume yuko mita mbili kutoka kwake, mama anamwambia mtoto wa miaka sita, "Kamwambie baba yako chakula tayari." Mtoto akageuka akasema. Baba akamjibu mtoto, "Mwambie mama yako asante." Kwenye orodha yangu hapo hakuna alama hata moja, na wale watu walikua hawajaongea siku tatu. Au mke amevaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", anapita nayo uani mbele ya wifi yake mara ya tatu, hajafungua mdomo. Pwani huo ni ujumbe umeshafika. Kwahiyo kabla ya kuandika alama, kaa wiki nzima unaangalia tu, waulize wakina mama "hapa mtu akikasirika mnajuaje?" Watakuorodheshea: kununa, kupika chakula anachojua hupendi, kuitika "abee" ya baridi.

Wawe waangaliaji wawili, kila mmoja anaweka alama bila kumuona mwenzake, kisha pima mnavyokubaliana kwa kappa ya Cohen, namba inayoonyesha mmekubaliana kiasi gani kuliko kwa bahati tu. Ikija chini ya 0.6 msigombane, rudini mwandike upya maana ya kila alama.

HATUA YA 7: Jaribio, kama unaliweza

Mwanafunzi wa digrii ya kwanza wengi hawafiki hapa, ila ujue mtego wake. Donald Dutton na Arthur Aron mwaka 1974 walimweka dada mrembo kwenye daraja la kamba la Capilano, kule Vancouver, linayumba juu ya korongo refu, akawahoji wanaume wanaovuka na kuwapa namba yake. Kati ya 18 waliochukua namba, 9 walipiga. Kwenye daraja imara lisiloyumba walipiga 2 kati ya 16. Wakasema hofu ya daraja imegeuka mvuto. Inawezekana, lakini mwanaume anayechagua kuvuka daraja linaloyumba huenda ndo haohao wanaopiga simu kwa wasiowajua. Hawakugawanywa kwa kura. Wenyewe waliliona hilo, wakaongeza vipimo vingine.

Ukigawa kwa kura unapumua. Aron mwaka 1997 aliwakutanisha watu wasiojuana, wengine wakaulizana maswali 36 yanayozidi kuingia ndani, wengine soga za kawaida, dakika 45, kisha wakapimwa ukaribu. Kundi la maswali mazito walijisikia karibu zaidi. Hilo hata wewe unaliweza ukumbini kwa wanafunzi wa chuo wasiojuana, mradi wasiwe wanaishi bweni moja.

Kufuatilia kwa miaka? Utafiti wa Harvard wa kufuatilia maisha ya watu ulianza 1938 na umeendelea mpaka kwa watoto wa wale wa mwanzo. Wewe una miezi mitatu. Rudi mara mbili basi, mwanzo na mwisho, na chukua namba ya ndugu wa tatu maana watu wanabadili laini kama soksi.

HATUA YA 8: Kuhesabu jozi

Jozi 40 sio watu 80. Yaani ni watu 80 wa kula pilau lakini kwenye hesabu majibu ya mke na mume yanavutana, ukiyaweka kama ya watu wasiojuana matokeo yako yanaweza kukudanganya. Njia iliyoenea ni ile ya David Kenny na wenzake, ya mhusika na mwenzi: wasiwasi wangu unanigusa mimi kiasi gani, na unamgusa mwenzangu kiasi gani, vyote kwa pamoja. R, programu ya takwimu, inafanya na ni ya bure, huna haja ya ile programu ya kuazima kwenye flashi yenye virusi.

Ila hesabu hiyo inakufa kama hukuweka namba vizuri siku ya kwanza. Usiandike 17 na 18. Andika 17A na 17B, A awe mke siku zote, B mume siku zote, kwenye fomu, kwenye shajara, kwenye faili la sauti. Daftari lenye majina likae mbali na fomu, limefungiwa, na ukimaliza kuunganisha data lichome.

Maana kuna simu itakuja. Kwangu ilikuja saa nne usiku, sauti ya chini kabisa kama mtu yuko chooni: "Samahani kaka, lile swali la simu, mwenzangu alijibu nini?" Jibu ni moja, fomu hazina majina, sijui. Na siku hiyo lazima iwe ni kweli hujui.